Safari ya gari Uhispania na watoto pamoja na shosho, tukate mji gani?

MamaTwins_Nax
Habari wadau. Mimi na mzee tumeweka pesa pembeni kitambo na April watoto wakifunga shule tunataka kuenda Uhispania, tukodi gari tuzunguke ile miji ya zamani. Tuko sisi wawili, mapacha wa miaka tisa, na shosho yao ambaye magoti yanamsumbua lakini amesema hawezi achwa Nakuru. Mzee ameandika Barcelona, Valencia, Madrid, Segovia, Toledo, Córdoba, Sevilla na Granada, yote siku kumi!! Naona hapo tutaona lami tu. Mimi nataka watoto waone historia polepole, wale chakula cha huko, wasikie flamenco, ule muziki na ngoma ya huko, wakiwa wamekaa. Nani amefika anishauri, na shosho ataweza kweli?

MwanaDunga
Mama twins karibu. Nilisomea Madrid kabla nirudi Kisumu kwa hivyo nitaongea wazi, toa Barcelona na Valencia. Barcelona ni zaidi ya kilomita 600 kutoka Madrid na iko upande mwingine kabisa, hiyo ni safari yake pekee. Shukeni Madrid, mtembee bila gari, mchukue gari siku ya kuondoka, Toledo iko kama 70 km tu. Makao ya mfalme yalikuwa huko kabla Mfalme Felipe wa Pili ayahamishie Madrid 1561, na ndani ya mji huo mdogo unapata sinagogi, kanisa kuu, na msikiti mdogo wa mwaka 999 bado umesimama, yote kwa miguu. Mji uko juu ya kilima na mto Tajo umeuzunguka, msimpandishe shosho, acheni gari chini kuna ngazi za umeme zinawafikisha juu.

Lakini pale siwezi kubali mharakishe ni Córdoba. Ule msikiti mkubwa wa huko ulianzishwa na mtawala Mwislamu Abd al-Rahman wa Kwanza miaka ya 780 na kitu, waliomfuata wakaupanua, Wakristo walipouteka mji 1236 ukafanywa kanisa. Unaingia, kuna giza kidogo na ubaridi, nguzo ni zaidi ya 800 na juu yake matao ya nyekundu na nyeupe yamepandana mawili mawili, unatembea weee mpaka unafikiri haina mwisho, halafu katikati dari inapaa ghafla na mwanga unamwagika, wamejenga kanisa kuu zima ndani ya msikiti, karne ya 16 hiyo. Simamisha watoto hapo hapo matao yanapokatika wajionee, maswali watauliza wenyewe. Na mle ndani ni tambarare, shosho atatembea vizuri.

Dereva_Kakamega
Wa gari nisikizeni. Leseni ya Kenya pekee haitoshi, pitieni AA Kenya, kile chama cha wenye magari, mchukue ile ya kimataifa kabla ya kusafiri. Huko wanaendesha mkono wa kulia, siku ya kwanza mzee aendeshe na wewe ukae mbele umkumbushe kila raundabauti. Madrid mpaka Córdoba ni kama 400 km, inashinda Kisumu–Nairobi, lakini hiyo barabara kuu, A-4, ina leni mbili au zaidi kila upande, mwisho ni 120 kwa saa na hakuna kufuata lori kwa mlima kama Mau Summit. Mtoto hajafika sentimita 135 lazima akae nyuma na kiti chake, pima hao mapacha sasa mwambie kampuni ya gari mapema. Katikati ya Granada na Córdoba kuna barabara za wenyeji na walio na ruhusa tu, kamera ziko, kwa hivyo uliza hoteli kama wataandikisha namba ya gari yenu kabla muingie.

BintiKibuye
Salaam. Anza na tiketi ya Alhambra, ile ngome yenye kasri za wafalme Waislamu, hata kabla ya hoteli za Granada. Zinaisha mapema sana, zinaandikwa jina na namba ya pasipoti, na ile ya kasri za Wanasri, ukoo wa hao wafalme, ina saa yake, ukichelewa huingii. Pasipoti za wote mbebe mlangoni. Mle ndani waambie watoto watafute maandishi ya Kiarabu yanayojirudia ukutani kila mahali, yanasema hakuna mshindi ila Allah. Wanangu walisoma madrasa, waliyatambua mbele yangu na wakaanza kukimbizana kuyatafuta kwa kila nguzo, nilitokwa na machozi bana. Granada ndio ulikuwa mji wa mwisho Uhispania kutoka mikononi mwa Waislamu, January 1492. Jioni pandeni Albaicín, mtaa wa zamani kilimani, muone Alhambra ng'ambo, kuna msikiti hapo uliofunguliwa 2003, na ukishuka barabara ya Calderería kuna vyakula vya Kimoroko kama hamli nguruwe. Flamenco sikieni mapangoni mtaa wa Sacromonte.

MamaTwins_Nax
Aki asanteni sana, nimesomea mzee yote. Valencia imetoka, Barcelona pia amekubali shingo upande. Na Segovia je? Halafu Pasaka ikiangukia hiyo likizo ni mbaya? Na nasikia wanakula usiku sana, wangu saa mbili wamelala.

MwanaDunga
Segovia endeni na treni mkiwa bado Madrid mrudi jioni. Ule mfereji wa maji wa Warumi una urefu wa karibu mita 28 kwenda juu na mawe yamepangwa bila saruji, shosho atauona akiwa amekaa uwanjani chini, hahitaji kupanda kitu. Chakula kikubwa fanyeni cha mchana kuanzia saa nane, ulizia menú del día, yaani mlo wa siku wa bei moja, ni bei nzuri na familia za huko ndizo zimejaa hapo, jioni watoto wapewe kitu kidogo walale. Pasaka si mbaya, maandamano ya Sevilla ni ya kuonwa, ila barabara hufungwa na hoteli zinapanda bei, na kwa kawaida wiki mbili hivi baadaye kuna Feria, sherehe kubwa ya mji huo, bei inapanda tena. Angalia tarehe kwanza, zikigongana laleni Córdoba muende Sevilla mchana, ni kama 140 km.