Printa ya risiti: 58mm ya USB au 80mm ya LAN?

MamaDuka_Nkuhungu: Habari zenu wakuu. Wiki hii nataka kununua printa ya risiti. Nimeona ya karatasi ya upana wa 58mm ya USB tu, na ya 80mm yenye USB na LAN (waya wa mtandao), bei zimeachana sana. Ninachoogopa ni draiva, ile programu ya kuifanya kompyuta iitambue printa, maana huku Nkuhungu kumpata fundi siku hiyohiyo ni shughuli. Nichukue ipi?

Fundi_Majengo: Dada, bado hujatupa kitu. Duka la nini? Windows ipi? Kompyuta ngapi?

Mdau_Manyoni: 80mm, usijiulize mara mbili. 58mm inabeba herufi 32 kwa mstari, 80mm inabeba 48. Jina la bidhaa likiwa refu, bei inaangukia mstari wa pili na mteja anaanza kuuliza maswali.

MamaDuka_Nkuhungu: Vipodozi na madaftari. Windows 10, kompyuta moja.

Kisasa_Hadiwea: Mimi USB sitaki tena kuisikia. Mwezi wa shule kufunguliwa, kijana wangu alifagia kaunta akachomoa waya, akaurudisha kwenye tundu la pembeni. Printa ikagoma. Taa inawaka, karatasi ipo, kila risiti inabaki kwenye foleni. Wateja wamejaa, tunaandika kwa mkono. Fundi aliyekuja akasema Windows imekufa, apige upya, na pesa akataka mbele. Kumbe kwenye orodha kulikuwa na printa mbili zenye jina moja, ya pili imeandikwa Copy 1, na programu ya mauzo bado inatuma kwa ile ya zamani.

Fundi_Majengo: Hapo printa unaionea. Ukibadilisha tundu, Windows inaweza kuiona kama printa mpya na kuipa USB002 badala ya USB001. Fungua sifa za ile printa ya zamani, ingia palipoandikwa Ports, weka tiki kwenye USB002, umemaliza. Na kabla ya kugusa draiva, zima printa, shikilia kitufe cha FEED, washa. Ikitoa karatasi ya majaribio, yenyewe ni nzima, tafuta tatizo kwenye waya au kompyuta.

Kisasa_Hadiwea: Sawa, lakini LAN haina mambo ya matundu.

Fundi_Majengo: Ina yake. Xprinter nyingi zinatoka kiwandani na IP (namba yake ya mtandao) 192.168.123.100. Ruta yako ikiwa ya 192.168.1, hazionani mpaka ubadilishe IP ya printa.

Mdau_Manyoni: Ndiyo maana nasema Epson TM-T20, draiva unaichukua kwenye tovuti yao wenyewe. Hizo za kwenye CD, laptopu za siku hizi zina pa kuingiza CD?

Binti_Kongwa: Jamani, na EFD, ile mashine ya risiti za kodi? Risiti ya printa hii TRA hawaitambui.

Mdau_Manyoni: Akiwa na VFD, yaani EFD ya kwenye programu, risiti inatoka kwenye printa hiihii ya kawaida.

Binti_Kongwa: VFD lazima asajiliwe kwanza. Mwambieni hilo kabla hajanunua.

MamaDuka_Nkuhungu: EFD ninayo, hii ni ya hesabu zangu za dukani. Ila mmetaja ruta. Mimi ruta sina, intaneti naivuta kwenye simu.

Fundi_Majengo: Hilo ndilo lilitakiwa kuja mwanzo! Kwa kompyuta moja bila ruta, USB inatosha.

Kisasa_Hadiwea: Achukue LAN, achomeke waya moja kwa moja kwenye kompyuta, aipe kompyuta IP inayoanza na 192.168.123. Inafanya kazi vizuri tu.

Fundi_Majengo: Na kompyuta yake ina tundu la LAN?

Binti_Kongwa: Karatasi za 80mm hapo Dodoma mjini mnachukua wapi? Zangu zinafifia haraka.

Mdau_Manyoni: Unaziweka juani?