Mchezaji mpya apewe mechi ngapi kabla hatujamwita garasa? Mi nasema tunamzomea asiyehusika

Wakuu, naomba hili tuliongee kwa utulivu maana kila dirisha kubwa la usajili likifunguliwa tunarudi palepale. Mchezaji anatambulishwa usiku, kufika asubuhi ana majina mawili, kwa watu wake ni chuma, kwa watani, yaani mashabiki wa timu pinzani, ni garasa, hafai kitu, na mpira hajaugusa. Ikifika mechi ya tatu hata wa kwake wameshahamia upande wa pili. Ndo maana nimeuleta mjadala huu hapa: shabiki ana haki ya kumhukumu mchezaji mpya mapema au asubiri? Kuna wanaosema nimelipa kiingilio naongea ninachotaka, na kuna wanaosema mwacheni kocha na kazi yake, shabiki shangilia.

Mi ni Simba tangu nikiwa mtoto, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka Msimbazi, watani zangu wa Yanga mtanivumilia. Na msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayepinga ajue anapinga nini: tuhukumu haraka, tena usiku uleule wa utambulisho, ila tuhukumu USAJILI, tusimhukumu MCHEZAJI. Usajili ni uamuzi wa viongozi. Tulikuwa na tundu wapi, huyu ameletwa kuliziba au limeletwa jina, kasaini miaka mingapi, na nani kapewa thenkyu, yaani kaachwa, ili yeye apate nafasi, kwa sababu kanuni inaweka kikomo cha wachezaji wa kigeni na kila unayemuingiza kuna unayemtoa. Hayo yote yanajulikana kabla filimbi haijapulizwa, uliza, piga kelele, hiyo timu ni yako. Lakini mchezaji mwenyewe, yule mwenye miguu na presha na lugha ngeni, huyo mpe walau raundi ya kwanza, mechi 15 za ligi, ndo useme.

Nichukue ule msimu wa 2024/25 maana bado uko vichwani. Mnakumbuka tulivyotoka 2023/24, tumemaliza wa tatu, pointi 69 sawasawa na Azam wakatuzidi kwa mabao, Ligi ya Mabingwa tukaikosa, tukaangukia Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaamuliwa kubomoa. Inonga kaenda, Saido kaenda, nahodha Bocco kaagwa, na kile kilichotuuma kuliko vyote, kiungo wetu Chama kavuka barabara kwenda Jangwani kwa Yanga. Wakaingia wapya wengi kwa mpigo, Ahoua, Mukwala, Mutale, Debora, Okejepha, Camara golini, Karaboue, Nouma, Hamza, Kagoma, Awesu, Mashaka, na kocha naye mpya, Fadlu Davids. Timu ikaenda Ismailia kule Misri kujiandaa, ikarudi, Simba Day, siku ya kutambulisha kikosi, tukawafunga APR 2-0, watu tukaondoka uwanjani kwa Mkapa tunaimba. Siku tano baadaye, tarehe 8 Agosti, Ngao ya Jamii, mtani akatufunga 1-0, bao la Maxi. Basi. Ndani ya siku tano tu wale wachezaji walewale tuliowaimba wakawa "wa mkopo", "wa bei rahisi", "viongozi wamepigwa".

Nataka niwasimulie kitu nilichokiona kwa macho yangu, mwanzoni mwa msimu huohuo, nimekaa pale KMC Complex. Mpira unapigwa kwa Mukwala, amelipa goli mgongo, beki kamng'ang'ania kiunoni, mpira unampita chini ya soli unatoka nje. Mzee mmoja nyuma yangu, mtu mzima kabisa, ana kanga ya timu begani na kifuko cha karanga mkononi, akasimama akapiga kelele "toeni hilo garasa!" na jukwaa zima likamfuata. Mi nikawa namwangalia Mukwala. Aliinua kichwa, akatazama jukwaani, akatazama benchi, halafu mpira uliofuata hakuuomba tena, akajificha nyuma ya beki. Mshambuliaji anayejificha! Jamani hiyo si kiwango, hiyo ni hofu, na hofu ile tuliitengeneza sisi tuliovaa nyekundu. Beki wa timu pinzani hakuwa na kazi kubwa siku ile, tulimsaidia kukaba.

Sasa angalieni msimu ulivyokwisha. Mukwala mabao 13 ya ligi, na hat-trick aliwapiga Coastal Union kule Arusha mwezi Machi. Mshambuliaji mwenzake Ateba aliyekuja baadaye naye 13. Ahoua mabao 16, mfungaji bora wa ligi, kiungo! Najua watani mtasema penati, sawa, nyingi zilikuwa penati, ila penati nayo inapigwa na mtu mwenye roho, na ile faulo aliyowatungua Stellenbosch pale Amaan, Zanzibar, kwenye nusu fainali ya Shirikisho haikuwa penati, ndo bao pekee lililotupeleka fainali. Kabla ya hapo Al Masry walitufunga 2-0 kwao, tukarudi kwa Mkapa tukarudisha zote mbili, Mpanzu moja na Mukwala moja, kipa Camara akamaliza kazi kwenye matuta ya penati. Mukwala yuleyule wa "toeni".

Na Mutale je? Hakuna mtu alisemwa msimu ule kama Joshua Mutale. Katoka Power Dynamos na sifa za kukimbia na mpira, amefika hapa krosi hazifiki, mara majeruhi, mara benchi, yaani jina lake lilikuwa mfano wa usajili mbovu kila kijiwe. Tarehe 25 Mei 2025, fainali ya pili na Berkane, Amaan imejaa, tunahitaji kurudisha 2-0 za kule Morocco. Aliyefunga bao letu ni Mutale. Mi nilikuwa kibanda umiza huku Mbagala, watu wamebanana mpaka mlangoni, bao lilipoingia mwamba mmoja aliyekuwa anamtukana tangu Agosti alinikumbatia akilia machozi ya kweli. Kombe hatukupata, Kagoma alipewa nyekundu, wakasawazisha mwishoni ikawa 1-1, roho iliuma na bado inauma. Siwaambii Mutale alikuwa na msimu mzuri, hakuwa nao. Nachosema ni kwamba kama tungefanikiwa kumfukuza Oktoba kama tulivyokuwa tunataka, bao la fainali lingefungwa na nani?

Nije kwenye hoja za upande wa pili maana nimezisoma na zina uzito, sitaki kuzipita kama sijaziona.

Ya kwanza, "jicho la shabiki halidanganyi". Anayeisema hii huwa anatoa mfano wa Januari 2024, na kwenye mfano huo namuunga mkono asilimia zote. Dirisha dogo lile tulimwacha Baleke akiwa na mabao 8 ya ligi, tukamwacha na Phiri, tukaleta Jobe na Freddy. Watu walilalamika siku hiyohiyo, na msimu ulipoisha Jobe akaagwa. Sawa, tulikuwa sahihi. Lakini jiulizeni tulikuwa sahihi kuhusu nini? Siku ile hakuna aliyekuwa amemuona Jobe akicheza. Tulichokiona ni kwamba unamtoaje mfungaji wako namba moja katikati ya msimu unaleta mtu ambaye hana muda wa maandalizi, anatua Januari anatakiwa kufunga Februari. Huo ni USAJILI, ndo ninachosema. Hasira yetu ilikuwa sahihi ila tukaenda kummwagia kijana aliyeletwa badala ya meza iliyomleta.

Na hilo jicho lisilodanganya mbona kwenye kusifia linadanganya sana? 2022 tulimpokea Dejan, Mserbia, tukambeba kama mfalme, kabla Septemba haijaisha ameshaondoka. 2023 Luis Miquissone alivyorudi mji ulisimama, mimi mwenyewe sikulala, niliona kabisa ule mguu wa 2021 uliompiga Al Ahly hapa kwa Mkapa, kumbe miaka miwili ya kukaa benchi imeondoka na kasi yake, na msimu mmoja baadaye akaagwa. Tulihukumu jina na kumbukumbu. Angekuwa mtu mwingine mwenye kiwango kilekile asiyeitwa Luis tungemzomea mwezi wa kwanza.

Ya pili, "wageni wanalipwa hela ndefu, hawana haki ya kuzoea mazingira". Hii naielewa, mtu analipa tiketi kwa hela ya mboga. Ila tuwe wakweli kuhusu mazingira yenyewe. Msimu ule Ahoua alikuwa anaongea Kifaransa, kocha alikuwa anafundisha kwa Kiingereza, mabeki walikuwa wanaitana Kiswahili, na mpira hauna muda wa mkalimani. Wiki moja ulikuwa unacheza nyasi bandia Kaitaba kule Bukoba, wiki inayofuata uko Babati uwanja unarusha mpira kama kitenesi, katikati yake kulikuwa na ndege ya kwenda Afrika Kaskazini kwenye baridi. Mshahara haukufundishi hayo, unafundishwa na mechi.

Watani zangu nanyi mna ushahidi wenu mzuri kuliko hata wa kwetu. Aziz Ki alivyotua 2022 akitokea ASEC, baada ya wiki chache nyinyi wenyewe mlikuwa mnasema mzito, anakaa na mpira, hakabi. Oktoba akatutungua faulo ile ya 1-1, Novemba akafunga kule Tunis dhidi ya Club Africain mkaingia makundi ya Shirikisho, na msimu wake wa pili akamaliza na mabao 21, mfungaji bora. Mshambuliaji Konkoni mlimpa nusu msimu kuvaa viatu vya Mayele. Viatu vya Mayele! Mtu aliyetoka kufunga 17 kwenye ligi na kuongoza wafungaji Shirikisho. Mi sijui kama Konkoni angekuja kuwa mzuri, ila swali la kwanza lilitakiwa kuwa kwa viongozi, kwa nini Mayele anauzwa Pyramids ya Misri na mbadala wake anaonekana hayuko tayari.

Hoja ya tatu ndo inayoniuma zaidi na hapa sitabembeleza mtu. "Kuzomea kunawakomaza." Hapana. Mgeni akizomewa ana wakala, atapata timu nyingine. Wanaoumia ni vijana wetu. Ladack Chasambi, kijana wa miaka 20, katoka Mtibwa, Februari 2025 kule Babati anarudisha mpira kwa Camara unaingia golini, tunatoka 1-1 na Fountain Gate. Kosa, kubwa, pointi mbili zimeondoka kwenye mbio za ubingwa. Lakini matusi niliyoyasoma usiku ule, mpaka ya wazazi wake, hayo hayamkomazi mtu. Halafu haohao wakikaa kijiweni wanauliza kwa nini wazawa hawajiamini, kwa nini wanarudisha mpira nyuma kila wakipewa. Anarudisha nyuma kwa sababu akijaribu mbele akipoteza unajua atasikia nini. Na nikiri kuna hatari hata ya kumkataa mapema ukawa umemkatisha mtoto kabisa, maana mzawa akitoka Simba au Yanga kwa sifa ya ugarasa, timu za chini nazo zinamwogopa.

Kwa hiyo mi napendekeza hivi na nawakaribisha mnipinge. Usiku wa utambulisho, tuwabane viongozi: kaletwa kucheza namba ngapi, tuna wangapi namba hiyo, kwa nini tuliyemwacha hakutosha. Msiwaache walale. Uwanjani, raundi ya kwanza yote, hakuna kumzomea aliyevaa jezi yetu, unataka kulaumu laumia nyumbani. Ikifika mechi ya 15 tukae tuangalie, amecheza dakika ngapi, amechezeshwa nafasi yake au amewekwa winga wakati ni namba kumi, ndo tuseme abaki au aondoke dirisha dogo.

Najua kuna watakaosema mechi 15 ni nyingi, kwamba kwenye ligi hii ukipoteza mbili tu Yanga ameshaondoka. Sawa, leteni namba yenu. Ila ukiniambia tatu, niambie pia msimu ule ungemuacha nani kati ya Mukwala na Mutale, na bao lipi kati ya la Al Masry na la Amaan uko tayari kulirudisha.