Mtaa wa Kongo, Kariakoo: wamachinga waondolewe jumla, au tukubali mtaa wetu umeshakwenda?

MTOTO WA NARUNG'OMBE
Wakuu, salaam. Naleta hoja, naomba tusitukanane.

Oktoba 2021 wamachinga walipotolewa Kariakoo, Mtaa wa Kongo ulionekana lami kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Haikudumu. Leo ukitokea Uhuru kuingia Kongo unapita ubavu ubavu: meza katikati ya njia, turubai juu, spika ya "buku, buku, buku" sikioni, na guta nyuma yako linakupigia kelele upishe. Mwenye fremu ya duka anayelipa kodi kazibwa mlango na mtu asiyelipa hata senti.

Sisi tuliokulia kule tunaujua mtaa mwingine. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati, uani wapangaji wanapika kila mtu na jiko lake. Barazani fundi na cherehani. Unampelekea kitambaa cha Urafiki mwezi mzima kabla ya Idi, naye anakukabidhi suruali asubuhi ya Idi watu wanatoka kuswali, na kifungo kimoja hakipo. Miguuni viatu vya Bora. Mchana wa Jumapili tulicheza mpira wa chandimu katikati ya barabara, gari likipita ni tukio.

Swali: kwa nini serikali isiamue moja? Kongo iwe ya waenda kwa miguu na wenye fremu tu, wamachinga waondoke kabisa. Mnasemaje?

MEZA MOJA
"Asiyelipa hata senti." Haya bwana. Mimi ndiye huyo.

Kitambulisho cha 20,000 enzi za Magufuli nilikikata. Hela ya taka natoa. Ya mlinzi wa usiku natoa. Ya stoo natoa. Na kibaraza ninachopanga nalipia kila siku, na anayepokea ni huyohuyo mwenye fremu unayemlilia hapa. Tena mzigo ni wake! Ananipa pisi asubuhi, jioni tunahesabiana, kwa sababu mteja wa siku hizi haingii ndani, ananunua anatembea. Akifunga mlango wake kwa sababu yangu, atakula nini yeye?

Njoo na hoja nyingine.

FOLENI YA SABUNI
Mtoa mada umenichekesha na chandimu yako. Mlicheza barabarani kwa sababu madukani hakukuwa na cha kununua! Watu wanasahau haraka sana. Duka la RTC, lile la serikali la mkoa, foleni tangu alfajiri, ukifika dirishani unaambiwa sabuni zimekwisha, chukua dawa ya meno. 1983 kwenye msako wa wahujumu uchumi watu walitupa mali usiku kwa woga. Vitambaa mnavyovililia leo vilikuwa vya kugombania. Mpaka Mzee Ruksa alipoingia 1985 ndipo tukavaa kama watu.

MWALIMU MSTAAFU
Foleni ya Sabuni, hapo kwa Mzee Mwinyi usimpe yote. Mlango ulianza kufunguliwa kwenye bajeti ya 1984, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Mwalimu Nyerere bado yuko Ikulu. Mwinyi aliupanua.

FOLENI YA SABUNI
Sawa mwalimu, lakini shati nililivaa wakati wa Mwinyi.

DALALI WA ZAMANI
Nimesoma kimya kimya nikashindwa kuvumilia. Hivi nyie wenyeji wa Kariakoo mnamlilia nani? Machinga hakuvunja nyumba ya mtu. Mtaa mliuza wenyewe. Nyumba ya urithi, warithi tisa, kikao kimoja tu, mmegawana, mmenunua Noah, mwaka haujaisha Noah iko juu ya mawe na nyinyi mko Chanika mnasimulia Kariakoo ya zamani. Nimesimamia mauzo ya namna hiyo mengi tu, najua ninachosema.

MTOTO WA NARUNG'OMBE
Dalali, hayo maneno ya dharau kayaseme kwa waliokupa asilimia kumi yako.

Unajua mirathi wewe? Baba amefariki, nyumba ya udongo na mabati yenye kutu, pande zote mbili majirani wamepandisha ghorofa, jua hamlioni tena. Maji ya bomba yao yanamwagikia uani kwenu. Hati iko kwa jina la babu. Kila wiki anakuja mtu na begi. Ndugu yako mmoja anaumwa, mwingine ana ada za watoto. Ukae na hisia? Na kwa taarifa yako sisi HATUKUUZA. Tuliingia ubia na mjenzi.

MEZA MOJA
Ahaaa.

DALALI WA ZAMANI
Ahaaa mara ya pili. Kumbe mtoa mada ana ghorofa.

KIPATA ORIJINO
Mada imeanza kunoga, naweka kambi hapa na kahawa.

BINTI WA SIKUKUU
Naomba niseme na mimi, maana naona humu wanaume mnakumbuka chandimu tu.

Nimezaliwa Mtaa wa Sikukuu. Hiyo nyumba ya vyumba sita mnayoisifia ilikuwa na kaya sita na choo kimoja cha shimo. Nani alikuwa anakifagia? Nani alibeba ndoo bomba likikauka? Wakati nyie mnacheza mpira mimi nilikuwa nakaanga kalmati za kuuza barazani, kwa hiyo na mimi nilikuwa machinga, tofauti ni kwamba nilikuwa nyumbani kwetu. Nyumba ilipouzwa nilipata fungu la mtoto wa kike, nusu ya alilopata kaka. Nikanunua kiwanja Mbagala, nikajenga chumba kimoja kimoja. Kaka yangu, aliyepata mara mbili, yuko kwenye nyumba yangu. Mengine nanyamaza.

Sijutii kuuza. Nakumbuka watu, sikumbuki zile kuta.

FOLENI YA SABUNI
Dada umemaliza. Hasa hapo kwa kaka.

NOAH NYEUSI
Mbona mnaishambulia Noah? Noah imesomesha watu kwenye nchi hii.

MZEE WA GEREZANI
Vijana, mnazungumza kuhusu Kariakoo kama vile ilianza na suruali za kadeti. Pale ndipo nchi hii ilipopangwa. Abdulwahid Sykes alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo miaka ya hamsini, na TANU ikazaliwa Julai 1954 hapo New Street, ambayo leo ni Lumumba. Hata huo Mtaa wa Kipata anaojiitia ndugu yetu siku hizi ni Kleist Sykes. Soko lenyewe lile kubwa lilijengwa na Mjerumani, mkaja mkaliachia likaungua.

MWALIMU MSTAAFU
Mzee wangu shikamoo. Lililoungua usiku wa Julai 10, 2021 si la Mjerumani. Lile banda la Wajerumani ndilo Waingereza walilowaweka wapagazi wa vita vya kwanza, baadaye likawa soko, kisha likavunjwa. Hili la sasa alilichora Beda Amuli, Mtanzania, na Nyerere akalifungua mwaka 1975. Yale mapaa yanayofanana na miavuli iliyogeuzwa yalichorwa makusudi, maji ya mvua yanateremkia kwenye nguzo hadi tangi la chini. Ukitaka kujua tulichokuwa nacho, angalia lile jengo, usiangalie Noah.

MZEE WA GEREZANI
Marahaba. Mjerumani ndiye alianza, msinichoshe.

WINGA WA AGGREY
Mimi kazi yangu ni winga, nakutoa kituoni nakupeleka duka lenye bei nzuri, mwenye duka ananikatia chochote. Wateja wangu ni Wakongo, Wazambia, Wacomoro. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu nyumba ya vyumba sita. Wanauliza mzigo mpya umeingia lini na lori la Lubumbashi linapakia wapi. Hiyo ndiyo Kariakoo. Mnataka makumbusho nendeni Kijitonyama, Kijiji cha Makumbusho kiko pale, nyumba za udongo zimejaa.

Tatizo halisi ni Wachina. Zamani Mchina alileta kontena, Mtanzania akauza. Baadaye Mchina akafungua fremu, akauza jumla na rejareja mpaka pisi moja.

MEZA MOJA
Na hao Wachina fremu walipewa na nani? Si walikodishiwa na wenye maghorofa wanaolilia chandimu humu? Anayelipa dola na kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo ndiye anayependwa. Ilibidi itoke amri Julai 2025 kuwakataza wageni biashara 15, rejareja ikiwemo. Serikali ndiyo imenilinda mimi. Wenyeji walishamaliza kupokea kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu.

MTOTO WA NARUNG'OMBE
Naona mmeniamulia. Sijasema popote kwamba nimempangisha Mchina.

DALALI WA ZAMANI
Hukusema pia kwamba una jengo. Tumekutoa maneno kwa koleo.

Ngoja niwafahamishe wasiojua ubia wa Kariakoo. Familia inatoa kiwanja, mjenzi anatoa fedha. Anapandisha ghorofa saba, nane. Fremu za chini, ambazo ndizo zenye hela, anazishika yeye kwa miaka mingi mpaka arudishe gharama. Familia inapewa vyumba vya juu, ambako lifti ni ya kubahatisha na mteja hafiki, au mnapewa hela ya mwezi mgawane. Sasa fikirini: meza zikiondoka chini, fremu zinapanda bei. Ndiyo maana nauliza, hii mada ni ya kumbukumbu au ya kodi?

BINTI WA SIKUKUU
Dalali nakuchukia lakini hapo umegonga.

KIPATA ORIJINO
Mimi naongezea. Watu wanalaumu meza za barabarani, lakini jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 likaua watu zaidi ya 20 halikuwa meza. Ilielezwa walikuwa wanachimba chini ili wapate fremu zaidi. Machinga akianguka anaanguka na soksi zake tu.

MWALIMU MSTAAFU
Tusifanye utani na msiba.

KIPATA ORIJINO
Sijafanya utani mwalimu. Nilikuwa na jamaa yangu mle.

WINGA WA AGGREY
Pole sana kaka.

NAIBU WA MGAMBO
Poleni. Kurudi kwenye hoja, mimi naona suluhisho lilikuwepo: Machinga Complex pale Ilala. Serikali ilijenga, fremu zikakaa tupu, wao wakarudi barabarani. Hilo nalo ni kosa la mwenye ghorofa?

MEZA MOJA
Jina lako tu limenitosha. Mgambo ndio mliopita na mizani yangu miaka ile.

Complex mteja hapiti! Ukiambiwa panda ngazi ghorofa ya tatu kununua soksi ya buku utapanda? Mteja yuko hapa kwa sababu kituo cha mwendokasi kiko hapa, maduka ya jumla yako hapa, na magari ya mikoani yanapakia hapa. Nihamishie hivyo vyote, nitatangulia mimi.

NAIBU WA MGAMBO
Sijawahi kuwa mgambo, ni jina tu. Punguza povu.

MZEE WA GEREZANI
Nani anakumbuka ukumbi wa dansi wa DDC pale Kariakoo Jumapili jioni? Unatoka na suti yako ya Kaunda imepigwa pasi ya mkaa. Hakuna machinga, hakuna Mchina, mfukoni umebakiwa na nauli tu na bado una furaha.

FOLENI YA SABUNI
Mzee, nauli tu mfukoni tunazo hata sasa. Furaha ndiyo imepanda bei.

SHABIKI WA JANGWANI
Umetaja Jumapili jioni, usisahau kupita Msimbazi siku Simba wenyewe wamefungwa na Yanga. Kimya kilikuwa kizuri sana.

WEKUNDU HALISI
Huyu katokea wapi? Mara ya mwisho nyie kujenga uwanja ni lini, kile cha Kaunda kinafuga vyura.

SHABIKI WA JANGWANI
Na wa kwenu Bunju nyasi zimekua?

MTOTO WA NARUNG'OMBE
Jamani, jamani. Simba na Yanga wana mada zao. Taa za barabarani zimewekwa, tunaambiwa Kariakoo sasa ni saa 24, maana yake hata ule usiku ambao mtaa ulikuwa unapumua nao umekwenda. Narudia swali langu na naomba jibu la moja kwa moja: wamachinga Kongo, waondoke au wabaki?

DALALI WA ZAMANI
Tutajibu. Kwanza tuambie mkataba wenu na mjenzi unakwisha lini, na fremu za chini ni za nani.

MTOTO WA NARUNG'OMBE
Hilo ni suala la familia.

BINTI WA SIKUKUU
Na dada zako wanapata ngapi kwa mwezi?

WINGA WA AGGREY
Mkuu, mimi siko kwenye ugomvi. Nina mteja kutoka Ndola anatafuta fremu ya kushushia mzigo, hata ya ghorofa ya kwanza anachukua. Kilemba mnachukua shilingi ngapi? Nijibu pembeni.