Paka koko aliyezaa ghalani: ahamishwe, aachwe, au afungwe kizazi?

Mkaazi wa Kiponda
Assalaam alaykum. Kila paka koko anapozaa ghalani, chini ya ngazi au darini katika nyumba za Mji Mkongwe, mtaa hugawika. Wapo wanaotaka mama na wanawe watiwe guniani wakatupwe Darajani au shamba. Wapo wanaotaka vitoto vichukuliwe siku hiyohiyo vilelewe ndani. Wapo wanaosema waachwe, riziki yao iko kwa Mungu. Mimi naleta rai ya nne: mama aachwe alee mpaka vitoto viweze kula wenyewe, kisha afungwe kizazi na kurudishwa palepale, vitoto vitafutiwe watu. Anayepinga atoe sababu, na anayekubali aseme inafanywaje hasa.

Mwenye Mkahawa
Napinga kurudishwa. Mfungeni kizazi, sawa, lakini akirudi ataendelea kupanda mezani na kulala juu ya magunia ya unga. Shamba kuna panya, kuna nafasi. Kwa nini asipelekwe huko?

Mtega Paka
Kwa sababu paka huishi kwa kuijua sehemu yake. Ukimmwaga shamba hajui maji yaliko wala pa kujificha, na paka wa pale humfukuza. Wengi huondoka kutafuta walikotoka wakaishia kugongwa barabarani. Kama ana vitoto vichanga, hivyo ndivyo vinavyokufa mwanzo.

Na kwako hapabaki patupu, mwenzangu. Kilichomleta ni vichwa vya samaki na pipa lisilo kifuniko. Maadamu chakula kipo, watakuja wengine, tena wenye kizazi. Ule mkojo unaonuka vibaya kwa kawaida ni wa dume asiyehasiwa anayetia alama, na kelele za usiku ni za madume wakimgombania jike aliye kwenye joto. Jike aliyefungwa kizazi hawaiti. Funika pipa, inua magunia juu ya mbao, na kabla ya kufunga ghala usiku hakikisha hujamfungia paka ndani wala hujamfungia mama nje.

Daktari wa Mifugo
Kabla ya lolote jueni umri wa vitoto, maana kila uamuzi unategemea huo. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Wiki ya tatu masikio yamesimama na vinatembea kwa kuyumba. Wiki ya nne vinakimbia na kuanza kulamba chakula cha mama. Ukiweza kuvipima kwa mzani wa jikoni, kitoto huzaliwa na gramu 100 hivi, kisha huongeza karibu gramu 100 kila wiki. Kisichoongezeka uzito kwa siku mbili kina tatizo, hata kama kinaonekana kizima.

Jambo la pili ni kasi ya uzazi. Jike huingia joto kwa kufuata urefu wa mchana. Ulaya siku fupi za baridi humpumzisha. Huku karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, kwa hiyo anaweza kuzaa mwezi wowote. Mimba ni siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine hali bado ananyonyesha. Binti yake naye anaweza kushika akiwa na miezi minne au mitano. Ndiyo maana wale wanaosema "waachwe tu" siwaungi mkono, ingawa najua wanasema kwa huruma.

Mlezi wa Vitoto
Nami siwaungi mkono wanaokimbilia kuvichukua. Vitoto vikikutwa peke yao, kwa kawaida mama ameenda kutafuta chakula, au amejificha akingoja wewe uondoke. Vitoto vilivyonyonya huwa kimya, vimelaliana, tumbo limejaa. Vilivyoachwa hulia bila kukoma na huwa baridi ukivigusa. Kama huna hakika, nyunyiza unga kidogo kuzunguka pale walipo, ondoka, rudi baada ya saa chache: nyayo zitakuambia kama mama alipita. Usiende kila mara kuchungulia, maana atavihamisha, na safari hii hutajua alikovipeleka.

Wakati huo mlishe mama mbali kidogo na vitoto, kwa saa ileile kila siku. Anayenyonyesha huhitaji mara mbili hadi tatu ya chakula chake cha kawaida. Dagaa na samaki wapikwe, kwani baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1 mwilini, na msimpe mabaki ya mchuzi: vitunguu huharibu damu ya paka. Sahani iondolewe baada ya nusu saa, la sivyo chungu watafuata harufu mpaka kwenye vitoto.

Pale tu inapothibitika mama hayupo, ndipo mkono wa mtu uingie. Kwanza joto, chakula baadaye. Kitoto kilichopoa hakiwezi kusaga maziwa, na ukikilisha unakiua. Kilaze karibu na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa kanga mpaka kipate moto. Maziwa ya ng'ombe yanaleta kuhara, na kuhara hukausha kitoto kwa siku moja. Tafuta maziwa ya unga ya vitoto vya paka, au, bora zaidi, paka mwingine anayenyonyesha. Wengi hupokea wasio wao. Kipimo ni mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito, kila baada ya saa mbili au tatu katika wiki ya kwanza, usiku na mchana. Kilale kifudifudi, kamwe usikipindue chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yataingia mapafuni. Kila baada ya kula pangusa sehemu za haja kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, maana hakiwezi kukojoa chenyewe mpaka kikaribie wiki tatu. Anayetaka kuvichukua ajiulize kama yuko tayari kwa hayo.

Mwanafunzi wa Fiqhi
Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfunga paka bila chakula wala kumwacha ajitafutie inatosha kukataza gunia na sumu. Lakini kufunga kizazi nako kuna neno. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kuhasi kumeruhusiwa kwa mnyama anayeliwa akiwa mdogo, na paka haliwi. Msilipite jambo hili kama halipo.

Mkaazi wa Kiponda
Shekhe, hoja yako ina uzito na hatulipiti. Lakini wapo wanavyuoni wa zama hizi walioruhusu kwa paka pale wanapozidi wakaleta madhara, ilimradi mnyama asiteswe. Kwa nusu kaputi ya daktari haumii, na tusipofanya hivyo ni vitoto kufa kwa njaa na maradhi mitaroni kila miezi michache. Nani kati yetu ataita hiyo rehema?

Mwanafunzi wa Fiqhi
Kwa sharti la dharura na la kutotesa, sipingi. Sharti liwe kwa daktari, si kwa wembe wa mtaani.

Mtega Paka
Basi namna ya kumkamata. Vitoto vikifika wiki ya tano au sita, vikamate kwanza, uviweke kwenye kizimba kidogo nyuma ya mtego, vyote viwili vifunikwe kaniki ili mama aione njia moja tu ya kuvifikia. Ndani ya mtego weka vibua vya kuchoma, mbele kidogo ya kibao cha kukanyagia, na tandika gazeti ili miguu yake isiguse waya. Usimpe chakula tangu jana yake. Tega alfajiri au magharibi. Mtego uliokaa juani huua ndani ya muda mfupi. Usiondoke. Ukifunga tu, funika wote, giza humtuliza. Usitie mkono.

Daktari wa Mifugo
Wiki ya tano naiona mapema. Ningesubiri ya nane: vimeacha kunyonya, vinakaribia kilo moja, navyo vinaweza kufanyiwa upasuaji.

Mlezi wa Vitoto
Daktari, ukisubiri hivyo umepoteza wakati wa kuvizoesha watu. Ule mlango uko wazi zaidi kati ya wiki ya pili na ya saba. Baada ya hapo unapata paka mkali asiyechukuliwa na mtu, na anarudi mtaani. Mchukueni mama na wanawe pamoja, wakae chumba kimoja hadi wiki ya nane.

Daktari wa Mifugo
Penye chumba nakubali. Pasipo chumba, isubiriwe wiki ya nane, ili mama asumbuliwe safari moja tu. Na akiwa kwenye nusu kaputi apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa na akatwe ncha ya sikio la kushoto, sentimita moja, asije akakamatwa tena bure. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini na dawa za kuogeshea ng'ombe zisimguse. Panadoli humuua. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye Mkahawa
Pipa nitalifunika, na ada ya daktari nitachangia. Ila tukimnasa jike ambaye hatujui kama ana vitoto?

Daktari wa Mifugo
Mtazame chuchu kupitia waya. Zikiwa zimevimba na manyoya yanayozizunguka yameondoka kwa kunyonywa, ana vitoto mahali. Afanyiwe asubuhi hiyo, apasuliwe ubavuni badala ya tumboni ili vitoto visiguse mshono. Maziwa hayatakauka. Akishaamka vizuri na kusimama imara, aachiwe jioni ileile pale aliponaswa, asilazwe kliniki.