Mrejesho: mpiga picha niliyefungiwa Maskati

Wadau, salaam. Aprili 2020 nilikuja kwenu nikilia: mpiga picha za harusi, mtu wa Unguja, Maskati, Oman, imefungwa kwa korona tangu tarehe 10, kazi zote zimefutwa, nimebaki na dirisha moja mtaa wa Al Khuwair. Nipige nini?

Nilimfuata yule dada aliyesema lenzi moja, dirisha moja, kila siku picha moja, na chini yake sentensi ya ulichokuwa unawaza. Mchana jua liliunguza kila kitu kikawa cheupe, nikahamia baada ya alfajiri. Hadi mji unafunguliwa 29 Mei nilikuwa na picha 41. Siku nyingine sikuwa hata na hamu. Ninayoipenda ni kamba ya jirani: kanzu tatu na barakoa moja ya kitambaa, imebanwa sikio moja. Chini nimeandika, "Mama kapiga simu mara mbili leo. Hakuna jipya."

Kuuza picha hizo, kama mlivyonihimiza, kulibuma. Kanunua binamu yangu tu, tena kwa huruma. Na mchele wa kukausha unyevu kwenye lenzi msijaribu, umeniachia vumbi kwenye pete ya kuvuta picha karibu.

Dada, ahsante sana. Bado napiga alfajiri.