Hivi nchi za kale zilipataje majina ya makabila?

Kalamu Butu: Wakuu heshima kwenu. Nasoma historia ya Warumi hapa, kila nikigeuka jimbo lina jina la kabila, mara Gallia (Ufaransa ya leo hivi) ya Wagalli mara sijui nini. Sasa hao watu walikaa kikao wakasema nchi yetu iitwe hivi, au kuna mtu alikuja na ramani yake akawabatiza tu?

Mzee wa Vumbi: Kikao wapi mkuu, mara nyingi anayebatiza ni jirani. Anafika mpakani anakutana na kabila moja, basi kwake wote huko ndani ndio hao hao. Afri walikuwa watu wa maeneo ya Carthage, Tunisia ya leo, Warumi walivyoivunja Carthage mwaka 146 KK wakaunda jimbo wakaliita Africa, kipande kidogo tu cha pwani, leo jina limemeza bara zima! Na Wagiriki je, wenyewe nchi yao wanaiita Hellas, Graeci ni la Warumi, na sisi ndio tumebeba hilo hilo.

Pilipili Manga: Mi kinachonichekesha ni kabila kuondoka jina likabaki. Bohemia imetokana na Boii, hao ni Waselti, walishahama kitambo na leo wanakaa Wacheki. Kama mpangaji kahama ila bili bado inakuja kwa jina lake 😂 Halafu Wafranki kinyume chake, walikuja na lugha yao ya jamii ya Kijerumani wakaitawala Gallia, lugha yao ikafia huko, wajukuu wakabaki na Kilatini cha wenyeji, ila nchi ndio hiyo Ufaransa.

Kalamu Butu: Duh. Sasa mbona Ujerumani Wafaransa wanasema Allemagne?

Mzee wa Vumbi: Ndo hicho nilichosema cha jirani. Wafaransa upande wao walipakana na kabila la Waalemanni, Wafini wakawajua Wasaksoni ndio maana kwao ni Saksa mpaka leo, Germania ni la Warumi. Wenyewe wanasema Deutschland, na hilo hata sio kabila, limetoka kwenye neno la zamani la "watu" tu.

Pilipili Manga: Yaani watu walishajiita watu wakamaliza, majirani ndio wakaanza kugombania jina 🙌