Binti yangu ametengeneza mabawa. Huko kwenye kosplei, kule kuvaa kama wahusika wa katuni, watu hufuata nini?

MamaNeema_Umoja

Hamjambo wote. Niko Nairobi, Umoja. Kifungua mimba wangu ana miaka 19, shule amemaliza, na tangu Juni veranda yangu imegeuka karakana. Alianza na ile mikeka ya povu ya watoto, yenye herufi A B C, akaikatakata kwa wembe. Ikafuata gundi ya fundi viatu, kopo baada ya kopo, mpaka jirani wa juu akashuka kuuliza kama tumefungua duka la viatu. Pesa zote anazopata kwa kufundisha watoto wa ploti hesabu zinaishia hapo. Sasa nina mabawa mawili meusi ukutani, kila moja urefu wa mlango wa choo. Ni ya kuvaa Jumamosi, siku moja tu, kwenye kongamano la mashabiki wa katuni za Kijapani.

Sikatai, maana hanisumbui kwa lingine. Ila nilimuuliza, "Ukishavaa, unafanya nini huko?" Akanijibu, "Natembea, mum." Natembea! Mliowahi kwenda, nielezeni: mtu hufuata nini hasa? Na hayo mabawa yatapandaje matatu?

Mkubwa_wa_Meza

Kuiga wazungu tu. Mwambie atafute kazi.

Fundi_Kawangware

Mama Neema, salamu. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 22 huu, sare za shule na suti za harusi. Kuna kijana aliniletea picha kwenye simu: koti refu, kola imesimama hadi masikioni, bitana nyekundu, vifungo 14 upande mmoja. Nikamwambia koti la namna hii halivaliki. Akasema mbona huyu amelivaa? Nikamwambia huyo amechorwa!

Tulivutana wiki 2. Mchoraji hana habari na kwapa. Anachora mtu ameinua upanga na koti limetulia pale pale. Mimi nilipomwinua mkono huyo kijana, koti lote lilipanda likamkaba. Ikabidi nifumue, niweke kipande cha pembe nne kwapani, kama wanavyofanya mafundi wa kanzu. Kola nayo ilikataa kusimama. Niliweka kanvasi mara mbili, ikalala kama sikio la mbuzi. Mwishowe nikakata ubavu wa chupa ya maji ya lita 5, nikaushonea ndani.

Alilipa, kisha akaninunulia tiketi: "Njoo ulione likitembea." Nilienda shingo upande, nimevaa koti langu la kanisani.

Mama, nimeshona nguo za maharusi hata idadi siikumbuki, na hakuna mgeni aliyewahi kugeuza pindo aone nimelimalizaje. Pale mlangoni tu, msichana mwenye nywele za buluu alimsimamisha kijana wangu, akamwinua mkono, akachungulia kwapani. "Umeweka kipande!" Kijana akaninyooshea kidole. Punde si punde nimezungukwa na watu sita, mmoja ana pembe, wote wanataka kujua kola inasimamaje. Nilipotaja chupa walipiga kelele kama goli limeingia.

Kwa hiyo binti hakukudanganya, kweli hutembea. Hatua tano, anasimamishwa, picha moja, halafu swali: hii umeifanyaje? Bawa likibanduka, mtu asiyemjua atachomoa gundi mkobani wampachikie.

Na wewe Mkubwa, hao wazungu wenyewe walianza wawili. Mwaka 1939, New York, mkutano wa wapenzi wa hadithi za sayansi: Forrest Ackerman na Myrtle Douglas walifika na nguo za watu wa siku zijazo. Aliyeshona zote mbili ni yule mama. Anayetajwa zaidi ni mwanamume. Sisi mafundi tumezoea.

Mzee_wa_Chumbageni

Anayesema ni kuiga wazungu amuulize babu yake kuhusu beni, ile ngoma ya mashindano ya zamani. Hapa Tanga palikuwa na kundi la Marini, makarani na watoto wa mjini, na palikuwa na kundi la Arinoti, wachukuzi na watu waliotoka bara. Walishindana kwa ngoma, tarumbeta na mavazi: kofia za maofisa, mikanda ya kifuani, panga za mbao, na vyeo kamili hadi kingi, yaani mfalme.

Babu yangu mzaa mama alibeba marobota ya katani bandarini wiki nzima. Siku ya ngoma alikuwa jenerali wa Arinoti, na bibi ndiye aliyempigia pasi suruali nyeupe kwa makaa, huku akinung'unika vile vile unavyonung'unika wewe mwanangu. Alipofariki tulikuta sandukuni kitambaa cha kanga kimefunga vifungo vya shaba, vyote vimesuguliwa. Shati lenyewe halikuwepo.

Pembe_za_Povu

Fundi, mwenye pembe ni mimi 😂

Mama, kuhusu matatu: asiyavae njiani. Ashone kanda za begi la shule la zamani, azivae chini ya nguo, mabawa ayapachike kwa velkro akishafika. Kule Tokyo, kwenye Comiket, lile soko kubwa la vitabu vya katuni vya mashabiki, ni marufuku kabisa kuja umeshavaa. Unabadilisha huko huko ndani, na hakuna anayelalamika. Alipie viti viwili au aende mapema kabla matatu hazijajaa. Na aende choo KABLA ya kuvaa. Mwaka wangu wa kwanza sikuambiwa.

MamaNeema_Umoja

Asanteni. Mzee wangu, shikamoo, hiyo ya vifungo nimemsomea Neema.

Baada ya kusoma ya Fundi nilienda veranda nikaligeuza bawa moja. Mbele jeusi, linang'aa. Nyuma kuna herufi Q nzima na nusu ya M, rangi ya waridi. Nikamwambia apake rangi na huku, maana watageuza. Akaacha wembe akanitazama: "Nani amekuambia?"

Fundi, uko upande gani wa Kawangware? Chupa ya lita 5 tunayo, sasa anataka kola.